Tinti halali Florida, kosa Maryland: hivi hii nchi ni moja au ziko hamsini?

#1 Mbeba_Maboksi
Wakuu, salaam. Nimenunua Accord kwa jamaa aliyehamia huku Silver Spring akitokea Orlando. Gari safi, injini haina neno, vioo vimepigwa tinti ya kulekule alikotoka. Nikaipeleka kwenye ukaguzi ili nipate namba za Maryland. Fundi akazunguka na kidude chake cha kupimia, akarudi na karatasi: breki sawa, taa sawa, matairi sawa, vioo vimefeli. Vyote. Vya mbele vinasoma 28, vya nyuma 15. Yeye anataka 35.

Aliyeniuzia kanionyesha risiti ya duka, imeandikwa kabisa kwamba kazi ni halali. Na si mwongo, nimeangalia: Florida kwa sedani ni 28 mbele na 15 nyuma. Kioo ni kilekile, gari ni lilelile. Nani anapanga hizi namba, na kwa nini wasikae chini wakapanga moja?

#2 Kisura wa Tanga
Pole kaka. Nchi ni moja siku ya kulipa kodi tu.

#3 Pwagu_Houston
Sasa 28 si ndogo hiyo? Mimi nilidhani 70 ndiyo giza totoro. Unalalamikia tinti ambayo haionekani.

#4 Fundi Vioo
Pwagu, umeishika miguu juu kichwa chini. Namba inahesabu asilimia ya mwanga unaopita, haihesabu giza. Kioo cha 70 karibu kiwe kitupu. Kioo cha 5 ndicho kile cha limuzini, usiku mwenye gari mwenyewe anashusha dirisha ili arudi nyuma.

Halafu kuna jambo linalowaponza wengi. Kioo cha kiwandani chenyewe hakipitishi mwanga wote, cha mlango wa mbele mara nyingi kinapitisha kama 75 hivi. Ukibandika juu yake filamu iliyoandikwa 35, huzipunguzi namba, unazizidisha: 0.75 mara 0.35, unapata 26. Mteja anaondoka dukani anajua ana 35, askari anaweka kipimo kinasoma 26, wanagombana. Maryland wanapima mwanga unaopita dirishani, kioo na filamu kwa pamoja. Ukitaka kipimo kisome 35 weka filamu ya 50, itakuja 37 au 38 na una nafasi ya kupumua.

#5 Mbeba_Maboksi
Fundi Vioo, asante. Hiyo ya kuzidisha hakuna aliyewahi kuniambia.

#6 Mtoto wa Ngome
Assalaam alaykum. Mbeba, we umekuta kero moja, sisi tunaofanya kazi ya abiria hapa tunakutana nazo tatu kabla ya chai. Unatoka Silver Spring, unashuka na 16th Street, umeingia DC. Unapita 14th Street Bridge, umeingia Virginia. Saa haijaisha. Sasa hesabu: Maryland sedani ni 35 pande zote. DC ni 70 mbele na 50 nyuma. Virginia ni 50 mbele na 35 nyuma. Kwa hiyo gari lililopakwa kwa kufuata sheria ya Maryland kikamilifu linakuwa na kosa DC mbele na nyuma, na Virginia mbele tu. Ukitaka amani pande zote tatu ni kufuata DC, na ukifuata DC basi huna tinti, una kioo kilichooshwa vizuri.

#7 Dereva wa I-80
Mbeba ameuliza nani anapanga. Nijibu, maana hii iko kwenye kazi yangu.

Serikali ya shirikisho ina kiwango kinaitwa FMVSS namba 205, kinasimamiwa na NHTSA, idara ya shirikisho ya usalama barabarani. Kinasema vioo ambavyo dereva anahitaji kuona kupitia kwake lazima vipitishe mwanga asilimia 70. Lakini kinambana mtengenezaji wa gari. Kuna sheria nyingine inamkataza muuzaji au gereji kuharibu kwa makusudi kitu cha usalama kilichowekwa na kiwanda. Wewe mwenye gari hutajwi kokote humo. Gari likishakuwa lako, unachobandika mwenyewe ni kati yako na jimbo lako. Pengo hilo ndilo majimbo yameliziba, kila moja kwa udongo wake.

Ajabu ni kwamba sisi wa malori tuna sheria moja nchi nzima. 49 CFR 393.60: kioo cha mbele na madirisha ya kushoto na kulia kwa dereva, asilimia 70, basi. Natoka New Jersey mpaka California, hainibadilikii. Ila nikiwa na gari langu dogo kwenye barabara ileile, Pennsylvania ni 70, Ohio 50, Iowa 70 tena, Nebraska 35, Nevada 35, California 70. Yaani tani 36 zina sheria moja na Corolla ina sita.

#8 Kisura wa Tanga
Dereva wa I-80, nikupinge kidogo. Kama gereji zimekatazwa kushusha chini ya 70, haya maduka ya tinti yaliyojaa kila kona yanafanyaje kazi mchana kweupe? Aliyembandikia jamaa 15 Orlando ana bango barabarani.

#9 Dereva wa I-80
Hiyo sheria iko kwenye maandishi tu. NHTSA hawana askari wa kuzunguka madukani. Jimbo likisema 28 ni sawa, nani atamfuata fundi?

#10 Otero_MN
Niaje wasee. Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota. Huku ni 50 kwa vioo vyote vya sedani vya pembeni na nyuma, wanakuachia tatu juu au chini. Theori yangu ni rahisi: jua. Florida na Texas kuna joto, wanaruhusu giza. Huku kwetu miezi sita ni theluji, tinti ya nini? Kila jimbo linaangalia hewa yake.

#11 Fundi Vioo
Otero, hiyo ya jua nimeisikia mpaka imenichosha, na ukiweka ramani mezani inaanguka. California wana jangwa la Mojave, mbele wanataka 70. Jimbo la Washington, si DC, mvua tangu Oktoba, wanaruhusu 24! Giza kuliko Florida mbele! New Mexico 20, jirani yake Arizona 33, na jua ni lilelile. Michigan kwenye baridi vioo vya mbele ni inchi 4 za juu tu, sawa, hiyo inakufaa. Lakini Nebraska si baridi?

#12 Otero_MN
Washington si wote mvua buda, vuka milima uende Yakima uone jua. Na sijasema ni jua peke yake.

#13 Pwagu_Houston
Umesema "rahisi: jua". Tunasoma.

#14 Mzee wa Kigoma
Vijana, jua si hoja. Hoja ni askari. Askari akikusimamisha anakuja kwa miguu kutoka nyuma, hajui ndani kuna nani na mikono iko wapi. Kwenye nchi ambayo kila mtu anaweza kuwa na bunduki, kioo cheusi kwake ni tishio. Kila muswada wa kulegeza tinti ukipelekwa bungeni, wa kwanza kuupinga ni vyama vya polisi. Jimbo ambalo polisi wana sauti, namba inakuwa juu. Ambalo hawana, inashuka.

Nasisitiza kwa wageni: ukisimamishwa usiku na una tinti, shusha vioo vyote vinne kabla hajafika, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Usiiname kutafuta leseni mpaka akuombe. Huko kwetu ukisimamishwa unashuka unakwenda kumsalimia trafiki. Hapa usifungue mlango!

#15 BiMwanaHeri
Mzee wa Kigoma, shikamoo. Ushauri wako nimeuchapisha nikawapa wanangu. Lakini hoja ya askari ina upande wa pili na naona watu wanauzunguka tu.

Tinti ni kisingizio. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Whren, na tukio lenyewe lilikuwa hapahapa DC. Walisema majaji wote bila kupingana: maadamu askari ameona kosa la barabarani, kusimamisha gari ni halali, hata kama moyoni alikuwa anatafuta kitu kingine. Sasa fikiria kosa ambalo linaonekana kwa macho umbali wa mita 50, na halihitaji ufanye chochote, gari limepaki tu lina kosa. Askari anaweza kumchagua amtakaye. Nawajua vijana wetu Baltimore waliosimamishwa kwa "tinti" na swali la kwanza likawa wanatoka wapi na wana nini kwenye buti. Tinti haikutajwa tena mpaka mwisho.

Na kwa ndugu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, kusimamishwa si faini ya dola chache. Huyo mwambieni abandue leo.

#16 Mtoto wa Ngome
Bi Mwana Heri umenena. Ndiyo maana Virginia walibadilisha. Tangu Machi 2021 askari wa Virginia haruhusiwi kukusimamisha kwa sababu ya tinti peke yake. Wameiweka pamoja na vitu vinavyoning'inia kwenye kioo cha ndani na makosa mengine madogo. Kwa hiyo Virginia pakeni mtakavyo.

#17 Dereva wa I-80
Taratibu sheikh, utawaponza watu. Kilichoondolewa ni ruhusa ya kukusimamisha kwa hilo tu. Kosa lenyewe liko palepale, 50 na 35. Ukisimamishwa kwa mwendo kasi, karatasi ya tinti unaweza kuandikiwa juu yake. Kutosimamishwa kwa kosa si sawa na kuruhusiwa.

#18 Mtoto wa Ngome
Haya, pakeni mtakavyo na mwende polepole.

#19 Pwagu_Houston
😂😂

#20 MwanaBukavu
Bandugu, jambo. Miye niko Louisville. Hapa Kentucky ni 35 mbele, 18 nyuma, hatuna shida nayo sana. Ninauliza kitu kingine. Nina SUV, vioo vya nyuma vilikuja vyeusi toka kiwandani, sikuweka kitu. Nikienda kumuona shemeji Maryland, nitafungiwa?

#21 Fundi Vioo
MwanaBukavu, karibu. Hapo usiwe na wasiwasi. Kwa SUV, vani na pikapu, majimbo mengi yanaacha vioo vya nyuma ya dereva viwe vyeusi kiasi chochote, Maryland na Minnesota zikiwemo. Ndiyo maana sheria moja inaweza kumkamata mwenye Camry na kumwacha mwenye RAV4 aliye mbele yake na giza lilelile. Kichekesho zaidi: hiyo rangi ya kiwandani iko ndani ya kioo chenyewe, inaficha mizigo yako, lakini kwa joto haisaidii kama watu wanavyodhani. Filamu ya seramiki nyepesi kabisa inaweza kukata joto zaidi ya kioo cheusi cha kiwandani, maana inazuia ile miali ya joto ambayo jicho haliioni. Weusi na ubaridi ni vitu viwili.

#22 Mbeba_Maboksi
Kwa hiyo ningeweza kuwa na kioo cheupe na gari la baridi?

#23 Fundi Vioo
Ungeweza. Ila hakuna anayekuja dukani kutafuta ubaridi. Wanakuja kutafuta kuonekana waheshimiwa.

#24 Kisura wa Tanga
Kweli tupu. Nyumbani V8 yenye vioo vyeusi ikipita kila mtu anakaa pembeni. Mtu anafika Amerika, ananunua Altima ya mwaka 2012, anaipiga 5 kote, anajisikia yuko kwenye msafara.

#25 Otero_MN
Mbona unanisema hadharani.

#26 Mama Baraka
Samahani naingilia kati, kicheko chenu kizuri lakini kwangu tinti si mambo ya msafara. Mwanangu ana ualbino. Tuko Des Moines. Alipokuwa mdogo anakaa nyuma hatukuwa na shida, Iowa hawabani vioo vya nyuma. Shida imekuja alipoanza kuendesha mwenyewe. Mbele ni 70, na nilipokwenda na barua ya daktari nikaambiwa Iowa walifuta msamaha wa kiafya tangu 2012. Nilipigwa na butwaa. Kuna mwenye uzoefu?

#27 BiMwanaHeri
Mama Baraka, pole mwaya. Kweli Iowa ni wagumu hapo. Huku Maryland msamaha wa daktari upo, Minnesota pia upo na karatasi inakaa ndani ya gari muda wote. Virginia nao wanao, wanakushusha mpaka 35.

#28 Fundi Vioo
Mama Baraka, usikate tamaa, soma hii polepole.

Kinachochoma ngozi ya mwanao ni miale ya UV, na hiyo haihitaji giza kuizuia. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili na plastiki katikati, kwa hiyo tayari kinazuia karibu UV yote. Tatizo ni madirisha ya milango: magari mengi yana kioo kimoja tu pale, na UVA, aina mojawapo ya hiyo UV, inapita sana. Dawa yake ni filamu nyeupe isiyo na rangi, zipo zinazozuia asilimia 99 ya UV. Muhimu: mwambie fundi apime kwanza kioo kitupu. Kama cha kwako kinasoma 80, una nafasi ya filamu na bado unabaki juu ya 70. Kama kinasoma 72, hata filamu nyeupe inaweza kukushusha chini ya mstari. Apime tena baada ya kubandika, akuandikie kwenye risiti. Iweke garini. Na mikono mirefu ya shati ibaki, mkono wa dirishani ndio unaoumia.

#29 Mama Baraka
Mungu akubariki. Jumamosi nakwenda kupima.

#30 Mzee wa Kigoma
Huyu ndiye alipaswa kufungua uzi.

#31 Mbeba_Maboksi
Nakubali mzee, lakini tinti zangu bado ziko mlangoni 😅. Swali lingine: gari likibaki na namba za Florida, polisi wa Maryland ananigusa?

#32 Mtoto wa Ngome
Nimeisoma ile sheria ya Maryland, kifungu 22-406. Inazungumzia gari lililosajiliwa chini ya madaraja fulani ya usajili, na madaraja hayo ni ya Maryland. Mimi naielewa kwamba mpita njia wa Florida hahusiki.

#33 BiMwanaHeri
Na mimi naielewa kwamba Mbeba si mpita njia, anaishi Silver Spring na gari kalinunua. Kukaa na namba za Florida ni kosa lingine kabisa, atakuwa amekimbia tinti akaangukia usajili. Halafu hoja ya kifungu utamweleza hakimu. Saa 5 usiku barabarani huwezi kumsomea askari 22-406.

Kama angekuwa tayari na namba za huku na akasimamishwa, kuna ile karatasi ya matengenezo: siku 10 kurekebisha, siku 30 uthibitisho uwe umefika. Ukiipuuza wanasimamisha usajili.

#34 Pwagu_Houston
California wana utaratibu kama huo, ukibandua na kuonyesha ushahidi unalipa dola 25 na kesi imefutwa. Huku Texas mbele ni 25, nyuma yoyote ukiwa na vioo vya kutazamia nyuma (side mirror) pande zote mbili. Na tangu Januari 2025 ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida umefutwa. Hamieni tu.

#35 Dereva wa I-80
Na New York walifanya kinyume, tangu 2017 tinti imo kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mbele 70. Miaka yote kabla ya hapo sheria ilikuwepo, ila gari lilikuwa linapita ukaguzi likiwa jeusi kama chungu.

Hapo ndipo naona jibu la Mbeba. Jua, polisi, visingizio, vyote vimo. Lakini mimi nikizunguka naona zaidi kwamba kila jimbo liliandika namba yake wakati wake, na tangu hapo hakuna mbunge anayetaka kuonekana amepoteza mwaka mzima akibishania vioo.

#36 Mzee wa Kigoma
Hapana. Wakitaka wanabadilisha, Virginia wamebadilisha. Narudi palepale, ni nani ana sauti.

#37 Otero_MN
Na jua.

#38 Fundi Vioo
Otero toka hapa.

Mbeba, kubandua: usikubali mtu akuwekee wembe kwenye kioo cha nyuma. Zile nyuzi za kuyeyusha barafu zimechorwa upande wa ndani, filamu iko juu yake, wembe unazikwangua zote na Januari utakuwa unafuta ukungu kwa kitambaa. Inatakiwa mvuke, filamu ilainike, ivutwe taratibu kipande kizima. Gundi inayobaki ni maji ya sabuni na subira. Vya pembeni ni rahisi. Kama ile filamu imeanza kugeuka zambarau, ni ya bei rahisi, itachanika vipande vipande, jiandae.

#39 Mbeba_Maboksi
Si zambarau bado, ila kuna mapovu mlango wa abiria. Nimempata fundi Msalvador maeneo ya Langley Park ana mashine ya mvuke. Amesema atabandua zote, kisha kama nikitaka ananipiga filamu ya 50 ya seramiki.

#40 Mtoto wa Ngome
Ya 50 itasoma 37, Maryland umepona. Ila ukivuka 14th Street Bridge kuingia Virginia, vya mbele ni 50, na DC ni 70. Kama unaendesha abiria ongea nami kwanza.

#41 Mbeba_Maboksi
Siendeshi abiria, naendesha kwenda ghala la Virginia kubeba maboksi, kama jina linavyosema.

#42 Dereva wa I-80
Basi unaitaka ipite Virginia. Mwambie apime kioo kitupu kwanza. Kikisoma 75, filamu ya 70 mbele inakupa 52.

#43 Kisura wa Tanga
Na shemeji yangu New Jersey ananiuliza hapa, kule mbele wanaruhusu ngapi?

#44 Dereva wa I-80
Mbele hawataki filamu kabisa, labda uwe na kibali cha daktari. Nyuma ya dereva wanaachia. Mwaka 2022 mahakama yao kuu ilisema askari hawezi kukusimamisha kwa sababu kioo kina rangi tu, mpaka kioo kikubwa cha mbele au madirisha ya mbele yawe meusi kiasi kwamba haoni watu wala vitu vilivyomo ndani.

#45 Pwagu_Houston
Usiku askari gani anaona vitu ndani ya gari hata kama halina tinti?

#46 BiMwanaHeri
Pwagu, leo umesema kitu.